Kanga ya mama wa anayeacha unga

*Misemo imejaa kwenye kanga, kwenye madigadi ya malori na kwenye kuta za nyumba za upataji nafuu. Mwandishi wetu alipanda Lushoto kutafuta ipi humsaidia mraibu na ipi humrudisha kijiweni.*

Muuza kanga alikuwa amekwisha kufungua doti ya sita, nami bado natikisa kichwa. Ilikuwa Jumapili, siku ya gulio Lushoto mjini. Ukungu ulikuwa haujaondoka mabondeni, na nyuma yetu wapakiaji walikuwa wakirushiana kabichi kuzijaza kwenye lori la kuteremka Dar es Salaam jioni ile.

"Kaka, wewe unatafuta rangi au unatafuta maneno?"

Maneno, nikamwambia. Rangi yoyote.

Akacheka, akaanza upya, safari hii kwa kunisomea. Majuto ni mjukuu. Hapana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hiyo ndiyo hapana kabisa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mvumilivu hula mbivu. Mwisho akanitazama kama anavyotazamwa mteja aliyekuja gulioni bila pesa.

Sikuwa nimemweleza lililonileta. Kanga ilikuwa ya shangazi yangu, anayekaa karibu na barabara kuu ipandayo kutoka Soni. Wiki ile mwanawe alikuwa amerudi nyumbani baada ya miezi minne katika nyumba ya upataji nafuu huko Tanga mjini. Binamu yangu huyo alikuwa utingo wa lori la mboga, na unga, yaani heroini, aliuanzia mjini, kwenye maegesho ya kusubiri mzigo. Kabla ya unga ilikuwa bangi. Kabla ya bangi vilikuwa viroba vya pombe kali, enzi zile vikiuzwa duka moja na penseli na madaftari, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku Machi 1, 2017.

Mhariri alikuwa ameniagiza makala kuhusu misemo ya kutia moyo na namna inavyotumika kuwashika mkono wanaoacha ulevi na dawa za kulevya. Sikumwambia kwamba na mimi nina doti ya kununua. Msomaji namwambia mapema, ajue mwandishi hakusimama kando.

Kitabu cha barabarani

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona, na anayezipanda nyuma ya lori hakosi cha kusoma. Lori moja linamshukuru Mungu. Jingine linamsuta jirani mwenye kijicho. Bodaboda inakupita kwenye kona ya Soni, madigadi yake yakitangaza kwamba dereva hana haraka na dunia.

Kwenye kanga maneno yalianza kuonekana mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa zaidi kwa kuyaeneza ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, mwenye chapa ya Mali ya Abdulla. Tangu hapo jambo zito lisilosemeka mdomoni hufungwa kiunoni. Mke mwenza husemwa kwa kanga, mdaiwa husemwa kwa kanga, na mkwe naye hujibu kwa kanga. Mtu aliyekulia katika lugha hii akikwama, methali humsemea.

Kwa hiyo nyumba za upataji nafuu zilipoanza kubandika misemo ukutani, hazikuleta kioja. Zanzibar ndiko zilikoota mizizi mapema, kisha zikaenea Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga. Mfumo wa nyumba hizo una asili ya mbali. Mwaka 1935, mjini Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, Bill Wilson aliyekuwa mtu wa masoko ya hisa na daktari Robert Smith, walevi wote wawili, waligundua kwamba kila mmoja aliweza kukaa bila pombe alipokaa na mwenzake wakazungumza. Hapo kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous. Mwaka 1953, California, kikafuata Narcotics Anonymous kwa ajili ya waliozama katika dawa nyingine.

Vyama hivyo havina daktari wala mwalimu. Vina vikao, na vina misemo mifupi inayorudiwa mpaka inakuwa kama pumzi: Leo tu. Siku moja moja. Kuna na dua fupi ya kuomba utulivu, ujasiri na busara, inayonasibishwa na mwanateolojia Reinhold Niebuhr.

Binamu yangu ameikariri misemo hiyo yote. Nilipomuuliza ni upi uliomvusha usiku wa kwanza wa kurudi Lushoto, hakutaja hata mmoja. Nitarudi kwake.

Dakika ishirini za mlima

Waliopitia uraibu hutofautisha arosto na hamu. Arosto ni ya mwili: jasho, makamasi, tumbo kuvurugika, mifupa kuuma kama inatwangwa. Kwa mla unga siku mbili tatu za mwanzo ndizo chungu zaidi, na baada ya wiki moja hivi kamba huanza kulegea. Hamu ni kiumbe kingine. Inaweza kulala miezi sita, kisha ikaamshwa na harufu ya kiberiti.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliifananisha hamu na wimbi. Hupanda, hufika kileleni, huvunjika, na mara nyingi yote hayo huisha ndani ya nusu saa. Aliwafundisha wagonjwa wake wasishindane nalo. Walipande, watulie juu yake mpaka litue.

Kwa mtu wa milima hii ya Usambara mfano wa wimbi unaweza kuwa mgeni, lakini kupanda na kushuka anakujua. Kazi ya msemo ni hapo kwenye mpando. Haumwondolei mtu uraibu. Unampa kitu cha kushika mdomoni kwa dakika ishirini, na dakika ishirini ndizo zinazotenganisha kitanda na kijiwe.

> Msemo unampa mtu kitu cha kushika mdomoni kwa dakika ishirini, na dakika ishirini ndizo zinazotenganisha kitanda na kijiwe.

Mbona basi methali, isiwe maelezo marefu ya daktari? Jibu moja liko masikioni. Mwaka 2000, watafiti Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh walionyesha kwamba watu huiona kauli yenye vina kuwa ya kweli zaidi kuliko kauli ya maana ileile isiyo na vina. Waswahili hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Haba na haba, kibaba. Mvumilivu, mbivu. Mkuu, guu. Kauli inaingia kwa mlango wa sauti kabla akili haijauliza kitambulisho.

Hapo hapo ndipo penye hatari, maana kijiwe nacho kina methali zake, tena zenye mdundo na zenye umri. Ponda mali, kufa kwaja. Anayezimua asubuhi kwenye kilabu cha pombe ya miwa atakwambia dawa ya moto ni moto, na usemi utakaa sawasawa kuliko mahubiri yoyote utakayomjibu nayo. Lugha haina upande. Inamhudumia anayeacha na anayeendelea.

Kuteleza na kuanguka

Mwaka 1985 Marlatt na mwenzake Judith Gordon walitoa kitabu kuhusu kuzuia kurudia ulevi, na ndani yake mna jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwenye mlango wa kila nyumba ya upataji nafuu. Waliona kwamba glasi ya kwanza au kete ya kwanza baada ya miezi ya usafi si lazima imrudishe mtu kwenye shimo. Kinachomrudisha ni anachojiambia dakika tano baadaye. Akijiambia "nimeshaharibu, mimi ndivyo nilivyo," atamaliza chupa. Akijiambia kwamba amejikwaa, na mtu wa kumpigia simu yupo, kuna nafasi ya kugeuka.

Kiswahili kina maneno matatu kwa ajili ya dakika hizo tano: kuteleza si kuanguka.

Nimeyapima maneno hayo kwa kila namna na sijaona kauli ya kitaalamu inayoyazidi. Hayakanushi kosa, mtu ameteleza, matope yanaonekana. Hayamwongopei kwamba yu mzima. Yanamnyima tu ule udhuru mtamu wa kukata tamaa. Na ukitembea njia za Lushoto miezi ya masika, kwenye udongo mwekundu ulioloa, utajua kwamba aliyeyatunga hakuwa akikisia.

Kuna na binamu yake methali hiyo: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni nzuri, ila mtoto wa leo hajaona koleo wala mhunzi. Msemo unaohitaji kufafanuliwa kwanza hauwezi kuwahi dakika ishirini.

Aliyeota meno ya juu

Upande wa pili wa kapu kuna methali zinazofunga mlango. Sikio la kufa halisikii dawa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mazoea yana taabu. Hizi ndizo familia huziokota kwanza, na sizilaumu. Anayetamka "sikio la kufa" mara nyingi ni mama aliyeuza mbuzi wa mwisho kulipia tiba, akakuta na sufuria zimeuzwa. Methali ile kwake ni mahali pa kukaa apumzike. Kwa mwanawe aliye chumba cha pili, akisikia kupitia ukuta wa udongo, ni hukumu.

Wasambaa wana kisa chao kuhusu hukumu za namna hii, kiko katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Mbegha, mtu wa Ngulu, aliota meno ya juu kwanza. Kwa desturi ya siku zile mtoto wa hivyo alikuwa kigego, nuksi itakayowamaliza ndugu. Hakuuawa, lakini wazazi walipofariki ndugu zake walimnyima urithi kwa neno hilo moja, na kila baya lililotokea likawa lake. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu wengine, akagawa nyama, na watu hao wengine wakamfanya mfalme huko Vuga. Ukoo wake, Wakilindi, ulitawala milima hii vizazi na vizazi.

Kigego wa leo anaitwa teja.

Neno hilo lina madhara yanayopimika. Mwaka 2010 watafiti John Kelly na Cassandra Westerhoff waliwapa wataalamu wa afya ya akili zaidi ya 500 maelezo ya mgonjwa mmoja. Maelezo yalilingana kila kitu isipokuwa jina alilopewa mgonjwa: nusu walisoma jina la kumtuhumu kwa matumizi mabaya ya dawa, nusu walisoma kwamba ana maradhi ya matumizi ya dawa. Waliosoma jina la tuhuma walielekea zaidi kuona kwamba mgonjwa ana lawama na anastahili adhabu. Hao ni watu waliosomea kazi hiyo. Jirani wa Lushoto anayemwona kijana akipita na begi lake kutoka stendi utamtarajia nini?

Kwa hiyo neno "mraibu," linalotumiwa badala ya "teja" katika nyaraka za Serikali na katika semina, naliona zaidi ya adabu ya ofisini. Ila mitaani bado halijateremka. Kwenye gulio nimesikia "teja" mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, mojawapo kama jina la utani la mbuzi.

> Mbegha alinyimwa urithi kwa neno moja. Kigego wa leo anaitwa teja.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na kuwasikiliza Wasambaa kwa miaka, ameandika kuhusu mawazo mawili ya kale ya milima hii: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua na njaa vilitazamwa kwa jicho hilo, na mfalme mwenye uwezo wa kuponya ndiye huyohuyo aliyeweza kuharibu. Sidhani kama kuna maelezo mazuri zaidi kuhusu methali mikononi mwa ndugu waliochoka.

Methali haina miligramu

Sasa wasikilizwe wanaosema kwamba haya yote ni maneno.

Hoja yao ina uzito. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadone kwa waraibu wa heroini, na huduma hiyo ikasambaa hospitali nyingine za Dar es Salaam, Zanzibar na mikoani, Tanga ikiwamo. Methadone hushika nafasi ile ile kwenye ubongo inayodaiwa na heroini, bila kumlewesha mgonjwa aliyezoea kipimo chake, na arosto hutulia kwa siku nzima. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba anayeendelea nayo ana hatari ndogo sana ya kufa kuliko aliyeachwa nje. Hakuna methali yenye rekodi hiyo.

Kuna na pombe. Watu wengi hawajui kwamba mlevi wa miaka mingi akikatisha ghafla anaweza kupata degedege, kuweweseka, hata kufa. Anayetetemeka mikono na kuona visivyokuwapo siku ya pili ya kuacha gongo anahitaji gari la kwenda hospitali usiku huohuo. Kumwambia penye nia pana njia ni kumwua kwa upole. Na mla unga aliyekaa safi miezi minne mwili wake umesahau kipimo cha zamani. Akirudia kiasi kilekile cha awali, anaweza asiamke.

Upo na ushahidi kwamba maneno ya kujisifu yanaweza kudhuru. Mwaka 2009, Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu walirudia kauli ya kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa na hali nzuri ya kujiamini walinufaika kidogo. Waliojidharau waliishia kujisikia vibaya zaidi, maana kila walipoitamka kauli hiyo moyo uliwajibu kwa orodha ya sababu kwamba si kweli. Na mraibu wa siku ya kumi ni nani kama si mtu anayejidharau?

Upande wa vikao nao hauko mikono mitupu. Mapitio ya kitaalamu ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalikuta kwamba kwa upande wa pombe, kuwaelekeza watu kwenye vikao vya aina ya Alcoholics Anonymous kulifanya kazi sawa na tiba nyingine za kisaikolojia au vizuri zaidi, hasa katika kuacha kabisa. Ila someni vizuri: kilichopimwa ni vikao, watu wanaoonana kila wiki. Karatasi ya ukutani haikupimwa.

Kwa Tanga mjini ubishi huu ni wa semina. Kwa Lushoto ni wa umbali. Methadone kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kutoka Lushoto kwenda Tanga na kurudi ni siku nzima ya basi. Hakuna mkulima wa kabichi anayeweza kufanya hivyo Jumatatu hadi Jumapili. Ndiyo maana milimani msemo hubebeshwa mzigo usio wake: wenye mgongo wa kuubeba mzigo huo hawapo karibu.

Si kwamba tiba ni ngeni katika milima hii. Upande wa Korogwe, katika safu hii hii ya Usambara, ipo Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Lutindi. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kijerumani wakaanza kupokea wagonjwa wa akili, miaka ishirini na zaidi kabla ya hospitali ya Mirembe ya Dodoma iliyofunguliwa 1927. Leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, na kilimo na kazi za mikono ni sehemu ya tiba yake. Napenda wazo hilo la jembe. Mtu aliyeshika jembe hana mkono wa kushika kete, na jioni anaonyesha tuta.

Mbivu za nani?

Nilipokuwa bado nikipekua kanga, mama mmoja alisogea, akachukua ile doti ya Mvumilivu hula mbivu na kulipa bila kuuliza bei mara mbili. Sikujua shida zake, wala hazikunihusu. Lakini nilimfikiria mpaka jioni.

Misemo ya uraibu huzungumzwa kana kwamba mwenye maradhi ni mmoja. Katika nyumba yenye mlevi wapo wengine watano wanaoamka usiku. Na lugha yetu, ikifika kwa mke na mama, inakuwa na neno moja tu: subira. Subira yavuta heri. Mvumilivu hula mbivu. Kanga za kuvumilia ni nyingi kuliko za kukataa, na mwanamke aliyepigwa Jumamosi hufungiwa Jumatatu doti ya kumwambia angoje.

Huwa nauliza: mbivu za nani, na zitaiva lini? Anayemsubiri mumewe aache, huku akimlipia deni la kilabu, akimpigia simu mwajiri kusema ana malaria, anampa mlevi muda zaidi wa kunywa. Washauri wa familia wanalijua hilo na huwafundisha ndugu kuacha kulipa madeni. Hakuna doti niliyoiona Lushoto iliyoandikwa hilo. Karibu zaidi ni mchelea mwana kulia hulia yeye, nayo ni ya watoto, si ya waume.

Kuna na wanaoiona misemo kama namna ya kumtwika mtu mmoja mzigo wa wote. Kijana wa Usambara anarithi kipande cha shamba kilichokatwa mara tatu, babu, baba, ndugu. Bei ya karoti huanguka wiki yake ya kuvuna. Gongo ni rahisi kuliko nauli ya kwenda kutafuta kazi. Ukimwambia huyo penye nia pana njia, umemwambia kwamba kilichokosekana ni nia yake. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu nimewaona wenye shamba na wenye shahada wakizama vilevile. Lakini sikuwa na jibu la kuwapa.

> Kanga za kuvumilia ni nyingi kuliko za kukataa.

Lipite

Shangazi alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Za Dar? Ingia ndani, baridi hii si ya kwenu."

Binamu alikuwa jikoni akimenya viazi. Amenenepa kidogo usoni. Tulizungumza habari za lori lake la zamani, nani sasa analiendesha, kabla sijathubutu kumuuliza lile nililoahidi kurudia: usiku wa kwanza, alijiambia nini?

Barabara ipo hatua hamsini kutoka dirishani pao. Malori ya mboga huteremka usiku ili yaingie sokoni Dar es Salaam alfajiri, na kila dereva akikaribia kona ya hapo hupiga honi. Kwa miaka minne honi ile kwake ilikuwa na maana moja: safari, maegesho, kete. Alisema usiku wa kwanza ilipolia, magoti yalinyanyuka yenyewe kitandani. Akajikuta anasema, kwa sauti ya kunong'ona, neno moja.

Lipite.

Lori likipiga honi, anasema lipite. Likipiga jingine, lipite. Mwalimu wa nyumba ya upataji nafuu hakumfundisha, wala halikubandikwa popote. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba azimio la jumla, kwamba nitaacha, ni dhaifu kuliko azimio lililofungwa kwenye saa na mahali: likitokea hili, nitafanya lile. Binamu yangu hajamsoma. Alichukua honi, akaifunga na neno.

Nilitaka kuliandika kwenye daftari, akanizuia kwa mkono wenye maganda. Akaniuliza nitaliandika gazetini? Nikamwambia ndiyo, akikubali. Akafikiri, akasema liandike, jina lake liache.

Kanga nilikuwa nimenunua mwishowe, ya manjano, doti ya kumi na moja. Shangazi aliifungua kwenye mapaja, akaisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kuteleza si kuanguka. Akaitazama rangi, akayatazama tena yale maneno. Akachukua mkasi, akaikata katikati kama inavyokatwa doti yoyote, kipande kimoja akamrushia mwanawe.

"Shuka," akamwambia. "Usiku kuna baridi."

Kisha, bila kuinua uso, akauliza:

"Na akianguka kweli?"

Binamu aliendelea kumenya. Mimi nikatazama chai yangu. Shangazi akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akaulenga kwenye tundu la sindano, mara ya kwanza ukakataa, mara ya pili ukapita, akaanza kupinda kipande chake.